Kiwanda cha Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwambia mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu kwamba binti ana kiwanda. Cha sabuni! Sikudanganya. Sikutaja tu kwamba kiko nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Mama akasema vizuri, Jumamosi watakuja kukiona kwanza, ndipo tuzungumze posa. Ulimi wangu huu!

Jumatano, 5 Juni
Binti kanuna. Eti mama, usiongeze chumvi, sabuni zinajisemea. Akili za baba yake hizo. Kiwanda bila moshi? Bila kelele? Nimechomeka bomba bovu juu ya turubai. Fundi friji kaniazima mashine ya kufulia. Nimeijaribu kwa soksi za mume wangu: haifui, ila inanguruma kama tetemeko. Safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejaribu moshi wa majani mabichi. Wote umekwenda kwenye mashuka ya jirani, yule tunayemwita Redio. Kaja mkono kiunoni: shoga, unachoma nyumba au umaskini? Wivu tu. Wanawe hawana hata kibanda.

Jumamosi, 8 Juni
Wakwe wamefika. Nikawasha. Mashine ikanguruma, ikaanza kutembea, ikamkimbiza mjomba wa kijana hadi kwa kuku. Mama mtu akauliza inatengeneza nini. Sabuni, nikasema. Akafunua kifuniko. Soksi! Redio alicheka ukutani mpaka akapaliwa. Nikaona posa inavaa viatu kuondoka.

Binti akaizima. Akawaonyesha sufuria, waya wa kukatia, vipande vinavyokauka. Akasema kiwanda ndicho hiki. Zamani neno lenyewe lilimaanisha uwanja tu, mahali pa kufanyia kazi za mikono. Mitambo na moshi vimekuja baadaye. Mama mtu akanusa kipande, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufunga sabuni naye. Posa imepita! Nimelia kama mtoto. Huyo nimemzaa mimi.

Jumapili, 9 Juni
Kumbe nilisema kweli tangu Jumatatu! Bomba nimejisumbua bure. Basi, makeke nimeacha.

Jana wakiaga, wakwe waliuliza habari za kaka yake binti. Anafanya kazi hospitali, nikasema. (Getini. Analinda.) Sasa wanataka kumwona akiwa kazini. Muuza nyama kaniazima koti lake jeupe. Lina madoa ya damu.

Afadhali. Ataaminika zaidi.