Bafle za Viateur na Ombi Langu la Kurudi Munigi

Goma, Mapendo

Kwa Papa Védaste na Mama Élodie, Parrain na Marraine, wasimamizi wa ndoa yetu,

Ninawasalimia kwa heshima. Mutoto Tuyisenge naye anawasalimia kwa mukono mumoja, ule mwingine umeshika ziwa langu.

Siku ya ndoa mulituambia kwamba shida ikizidi ndani ya nyumba, tusikimbilie wazazi, tuwaandikie ninyi kwanza. Imezidi. Ninaomba ruhusa nirudi kwetu Munigi na mutoto. Bwana yangu Viateur hanipigi, hanywi, hana mwanamuke mwingine. Ako na bafle mbili.

1. Alipozileta, masanduku mawili ya kupigia muziki, zilikuwa zinaimba vizuri. Yeye akasema zinaimba na mapua, akazifungua. Tangu Pasaka hazijafungwa. Kwa meza kuko haut-parleur nne, spika za ndani, zimelala chali kama samaki, sisi tunakulia kwa magoti.

2. Anapenda kulinganisha. Bafle ya kushoto anaitilia haut-parleur moja, ya kuume ingine, mimi ananikalisha katikati na mutoto kwa mugongo. Anapiga wimbo ule ule wa kwaya, mustari ule ule, mara makumi tatu, na kila mara: "Mama Tuyi, kushoto ao kuume?" Nikisema kushoto, eti sikusikiliza. Nikisema kuume, eti nieleze sababu. Siku moja nilisinzia. Akaandika kwa daftari: Kushoto inatuliza.

3. Mama Marraine, hii inakuhusu. Lile blanketi jeupe mulimuletea mutoto alipozaliwa, nililitafuta juma nzima. Liko ndani ya bafle ya kushoto. Eti sanduku tupu linavuma, linaomba kitu laini. Nikamwambia mutoto pia anaomba kitu laini. Akanijibu kwa ule upole wake: "Mutoto hana mwangwi."

4. Sasa kuko filtre. Ni kale kapande ka bobine, ule waya wa kuzungushwa, kanakaa ndani ya bafle na kugawa kazi: sauti nzito ziende kwa haut-parleur kubwa, sauti nyembamba ziende kwa ile ndogo, twita. Viateur akipunguza bobine muzunguko mumoja, anasikia tofauti. Mutoto akilia nyuma yake, hasikii kitu. Nikafikiri: kama sanduku la mbao linajua kugawa kazi, kwa nini nyumba isijue? Papa Parrain, ninaomba kwa unyenyekevu muamuru tuwekewe filtre. Sauti zote nyembamba ziende kwa Viateur: Tuyisenge kulia, sufuria ya maharagi kupiga filimbi, mama yangu kwa telefone. Yeye njo ako na masikio. Mimi munipatie zile nzito tu, malori, radi, na volkano ikikohoa. Hizo ninaweza kuzisikia nikiwa nimelala, na kulala njo kitu ninatafuta.

5. Juzi, wimbo wa kwaya ukiendelea, mutoto alisema "papa" kwa mara ya kwanza. Viateur akaruka kwa kiti. Nikafurahi, nikamunyooshea mutoto. Akapita mbele yetu, akainama kwa bafle ya kuume, akasema: "Umesikia? Twita imefunguka."

Hapo niliacha kucheka, nikatafuta kalamu.

Simukatai bwana yangu. Angekuwa mubaya ningenyamaza tu, ningezoea. Lakini neno la kwanza la mutoto halirudiwi mara makumi tatu. Mukuje mumuambie achague: bafle zitoke kwa salon ya kukaribishia wageni, ao sisi wawili tutoke.

Musalimie wote wa kwenu, wa kwaya, na yule shangazi aliyelia sana siku ya ndoa; sasa ninamuelewa.

Ni mimi, mutoto wenu kwa ndoa,
Dative, Mama Tuyisenge

N.B. Ile ruhusa muiweke pembeni kwanza. Leo asubuhi, Viateur akiwa kwa kazi, nilisikiliza peke yangu, bila kuulizwa. Twita ya kuume alikuwa ameifunga waya kinyume. Nikaigeuza. Mwimbaji akatoka ndani ya masanduku, akasimama katikati ya salon, mutoto akanyoosha shingo kumutafuta. Siwezi kwenda Munigi kabla ya kumuonyesha Viateur, na yeye ajue ni nani amesikia. Mukikuja, mubebe na bafle zenu. Naomba radhi, Papa Parrain: twita yenu ya kushoto ilikufa tangu ndoa ya binti yenu Alliance, na kwa heshima hakuna mutu aliwaambia.