Vita vya Tango Moja Chini ya Nailoni za Suti

Sogeeni karibu, enyi mliozoea kusimuliwa majemadari na ngome zilizoanguka. Wekeni chini mlichoshika, zimeni redio, na atakayechelewa asimlaumu mtu, kwa maana leo hatuna habari za wafalme. Tuna habari za mwanamke mmoja, mshonaji wa nguo, aliyeingia vitani na mkasi, tepu ya kupimia na chupa ya kunyunyizia maji, akakabiliana na panya, vidukari na ulimi wa wifi yake, akashinda ushindi usiozidi urefu wa shibiri moja na kidogo.

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa inaimba na pasi inapata moto, mgeni asiyetarajiwa alipotokea mlangoni. Aliingia ubavuubavu kama kaa, mgongo ameuelekeza ukutani na mkoba mkubwa ameubana nyuma yake. Alikuwa muuza mbegu, na suruali yake ilikuwa imepasuka mahali ambapo historia haipendi kupataja, baada ya kunaswa na seng'enge ya jirani. Mshonaji hakuuliza mengi. Alimpeleka nyuma ya pazia la kupimia nguo, akapokea suruali kupitia pembeni, akaishona, akairudisha ikiwa imara kuliko ilivyotoka dukani. Malipo aliyakataa, akisema kazi ya dakika moja haina bei. Mgeni naye hakutaka kuondoka na deni la heshima. Akatafuta mkobani, akatoa pakiti iliyokwisha kufunguliwa, imebaki na mbegu tatu.

"Mama," alisema, akiwa sasa amesimama kifua mbele kama balozi, "hizi ni mbegu za tango chotara. Tango lake si chungu, na ngozi yake ni laini, huna haja ya kulimenya. Mmea wenyewe hauhitaji nyuki wala ua dume. Kila ua ni jike, na kila jike linazaa lenyewe. Uufunike tu wadudu wasiuingilie, uupe maji na kamba ya kupandia."

Akaenda zake, na hakuonekana tena mtaani hapo.

Yafaa sasa mjue mbegu hizo ziliangukia mkono wa nani. Kwa wateja wake alikuwa Bibi wa Sindano, mnyoosha mabega yaliyopinda, mpunguza viuno, mwokozi wa zipu zilizokata tamaa. Lakini kwa upande wa mumewe aliitwa Mkono wa Jua, kwa sababu kila alichokipanda kilinyauka. Nyanya zake zilikufa zikiwa na maua. Mchicha wake uliota, ukamtazama, ukalala. Jina hilo alipewa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuza mboga ambaye matuta yake yalijulikana hadi mitaa ya mbali, na likawaingia ndugu wote mdomoni. Mshonaji alikuwa akicheka pamoja nao. Usoni alicheka.

Hata hivyo, hakuzipanda mbegu zile kwa ajili ya jina. Katika chumba cha nyuma alikaa mama mkwe wake, ambaye homa ndefu ilikuwa imemtoka ikaondoka na ladha ya kila kitu. Wali kwake ulikuwa karatasi, na chai ilikuwa maji yaliyooshea chai. Kila Jumapili wifi alimletea supu kwenye sufuria yenye mfuniko wa kubana, na kila Jumapili bibi alilowesha midomo, akasema koo limefunga, akageukia ukuta. Mikono yake ilikuwa imekonda hata pete ikahamishiwa kidole gumba. Mchana wa siku ile ya mgeni, mkwewe alimsimulia habari za suruali na mbegu za tango ili kumchekesha, na bibi kweli alicheka kidogo. Kisha akasema kwamba tango angelila. Tango la baridi, lisilo chungu, si haya ya sokoni yanayomchoma ulimi.

Mshonaji aliinuka, akaweka mkono kifuani, akatamka kiapo chake mbele ya kitanda, dirisha na ndoo ya maji. "Mama, la kwanza ni lako. Siku utakayolitamani, siku hiyo hiyo nitalikata."

Ndipo maandalizi ya vita yakaanza. Mumewe, fundi baiskeli, aliitwa kutoka kwenye karakana yake. Alikata fito, akazifunga kwa skrubu na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akasimamisha kiunzi nyuma ya nyumba, kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi. Mshonaji alikusanya nailoni zake zote, zile nyeupe zinazopitisha mwanga, za kufunikia suti zilizokwisha kupigwa pasi, akaziunga kwa cherehani mshono kwa mshono hadi zikawa hema. Banda hilo lilikuwa na ukosi, lilikuwa na mapindo, na mlango wake ulifungwa kwa zipu. Kitalu chenye zipu! Majeshi mangapi yamewahi kulala mahali penye kushonwa vizuri namna hiyo?

Wakiwa kazini mumewe aliuliza habari za mmea huu, akaelezwa kwamba haumhitaji dume. Aliikaza tena skrubu iliyokuwa imekwisha kukazwa.

"Sasa dume ana kazi gani?"

"Anakaza skrubu," mkewe alimjibu.

Mbegu zikaingia udongoni. Ya kwanza ilichukuliwa na panya kabla haijaiona dunia. Ya pili ilikufa kwa kupendwa kupita kiasi, kwa maana ilimwagiliwa asubuhi, mchana na kila mtu alipopita. Ya tatu ikachomoza, ikavua ganda lake kama mtu anayevua kofia, ikafungua majani mawili ya mviringo. Mshonaji alichuchumaa mbele yake muda mrefu, akiogopa hata kuipumulia.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja na supu yake, akaliona hema. Alifungua zipu, akachungulia, akaufunga mlango kwa heshima zote, kisha akageuka mbele ya ndugu waliokuwa wamekaa uani.

"Wifi yangu, nakupenda, na suti yangu ya sherehe ulinishonea wewe," alisema. "Lakini mkono wako ni jua, na jua halilaumiwi. Tango moja tu likining'inia humu, siku hiyo nitasimama mbele ya hawa wote nikuite Bibi Shamba, na lile jina lingine nitalifuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila nilione likining'inia. Usije ukanunua la sokoni ukaniletea kwenye sahani."

Ndugu walicheka, na mshonaji alicheka. Lakini moyoni alilichukua neno lile, akalikunja, akaliweka mahali pake.

Mmea ukapanda kamba. Vidukari wakaja, jeshi la kijani, wakajipanga chini ya majani wakifyonza. Bibi wa Sindano akatwaa chupa anayonyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akaijaza maji ya sabuni, akawapiga kutoka chini, mahali walipodhani hakuna mtu ambaye angewatafuta. Vita hivyo vilirudiwa asubuhi nyingi, huku wateja wakisubiri mlangoni na mapindo yao, wakiambiwa kwamba fundi yuko mapambanoni. Hatimaye yakatoka maua ya njano, na nyuma ya kila ua kulikuwa na kitango kidogo kama ncha ya penseli, chenye vinywele.

Na ni hapo, katika kilele cha matumaini, maafa yalipoingia. Hayakuletwa na adui. Asubuhi moja mshonaji alifungua zipu, akauona mmea umetoa vikono vyembamba, vya kijani, vimejikunja huku na huku na kuning'inia. Kumbukeni kazi yake. Mtu aliyeishi akiamini kwamba nguo haijaisha mpaka uzi wa mwisho umekatwa hawezi kuuona uzi ukining'inia akaupita. Mkono ulikwenda wenyewe. Mkasi ulipita juu, ukapita chini, ukapita kila pembe, hadi mmea ukabaki safi, umenyooka, tayari kwa mteja kuja kuuchukua.

Vikono vile ndivyo vilivyokuwa vimeishika kamba. Mchana upepo ulipotikisa hema, mmea ulijikuta hauna cha kushikia. Ukateleza, ukajikunja kiunoni, shina likapasuka.

Mumewe alikuja, akachuchumaa, akatazama, akaelewa.

"Umeukata mikono, mke wangu."

"Nilidhani ni nyuzi."

Hakucheka. Aliondoka polepole hadi nyuma ya karakana, na huko ndiko alikochekea.

Lakini Bibi wa Sindano hakulia. Alileta utepe wa pindo, akaulaza mmea mapajani mwake, akaufunga pale palipopasuka kwa mizunguko laini isiyokaba, kama mtu anavyofunga kidole cha mtoto. Kisha akachambua kapu la mabaki ya vitambaa, na kwa vipande vya drafti, vya maua na vya bitana ya suti akaufunga mmea kwenye kamba, jani kwa jani, hadi ukasimama tena ukiwa na rangi nyingi kuliko bendera za jeshi lolote. Jeraha lilikuwa kubwa. Majani ya chini yakawa ya njano, vitango vikasinyaa na kudondoka kimoja baada ya kingine. Kikabaki kimoja. Mmea ulikuwa umefanya hesabu yake, ukaamua kukipa hicho kila kilichosalia mwilini.

Tango lile likakua. Kila asubuhi mshonaji alilipima kwa tepu, urefu na kiuno, kama bibi harusi. Kufikia Ijumaa lilikuwa limekomaa vizuri, kijani iliyoiva, baridi hata kwa kulitazama. Naye akaweka mpango wake. Lingebaki pale pale, likining'inia, hadi Jumapili. Wifi angefungua zipu. Mshonaji hangesema neno. Angesimama tu kando, amevaa gauni lake la bluu ambalo tayari alikuwa amelipiga pasi.

Mchana wa Ijumaa mama mkwe aliita kutoka chumba cha nyuma.

"Mwanangu, ile hamu imenijia leo. Lile tango lako, limekwisha kuwa tango?"

Mshonaji alisimama mlangoni. Sikilizeni jinsi vita vikubwa vinavyopigwa ndani ya mtu, si nje: alifungua mdomo kusema kwamba Jumapili si mbali, na maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye meno. Kisha akaona bibi amekaa. Alikuwa amejiinua mwenyewe, ameegemea mto, na shingo ameinyoosha kuelekea mlangoni. Hamu ya mgonjwa ikija haina ahadi kwamba itarudi kesho. Mshonaji akafunga mdomo, akaenda bandani, akafungua zipu, akakata. Kikonyo kilichobaki alikizungushia kitambaa, kwa mazoea ya mtu asiyependa kuacha ncha wazi.

Alilikata vipande vyembamba, akalipeleka. Bibi aliweka kipande kimoja mdomoni, akatafuna kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu daraja. Akanyoosha mkono kuchukua kingine.

"Lina maji ya mvua ndani," alisema.

Akala. Akala katikati, akala ncha zote mbili, akalamba vidole. Sahani ilipobaki tupu aliishika mapajani bila kuirudisha, na uso wake ukaingiwa na wasiwasi.

"Usimwambie wifi yako. Kila Jumapili anabeba ile supu, anapanda magari mawili, nami namwambia koo limefunga. Akisikia nimemaliza tango zima kutoka mkononi mwako, atalia. Namjua, nilimzaa mimi."

"Sitamwambia, mama."

"Hata akikucheka?"

Mshonaji alimpokea sahani, akaifuta ukingo kwa kidole. "Hata akinicheka."

Jumapili ikafika, na wifi akafika nayo. Sufuria aliiweka jikoni, akaelekea moja kwa moja kwenye hema, ndugu wakimfuata. Akavuta zipu. Mmea ulikuwa umesimama katika vitambaa vyake, unanyauka, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Wifi, tango liko wapi?"

"Limenishinda, wifi yangu."

Kicheko kilichopasuka uani kilisikika hadi karakana, na Mkono wa Jua akaitwa kwa jina lake na wakubwa kwa wadogo. Wifi hakuwa na ubaya. Alimkumbatia, akamwambia aache kilimo kiwe cha wengine, yeye ashone, kila mtu na kipaji chake. Mshonaji akashukuru kwa ushauri.

Kisha supu ikapelekwa chumba cha nyuma, na mambo ya ajabu yakatokea. Ulimi wa bibi, ambao tango liliuamsha siku ya Ijumaa, ulikuwa bado macho. Alikunywa kijiko cha kwanza. Akanywa cha pili. Akaomba bakuli liongezwe. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Mmeona? Supu yangu imemfungua. Nilijua tu, siku moja itamfungua."

Fundi baiskeli, aliyeyajua yote, alivuta pumzi na kuinua kidole. Mkewe alimkanyaga mguu, taratibu, kwa uzito wake wote. Bibi, juu ya ukingo wa bakuli, alimtazama mkwewe mara moja tu.

Basi na iandikwe pamoja na kuanguka kwa miji na kutawazwa kwa wafalme: kwamba siku hiyo, katika chumba kidogo kilichojaa ndugu, palikuwa na mshindi, na wote wakampongeza mwingine. Bibi wa Sindano aliwapongeza pamoja nao. Akamwambia wifi yake kwamba supu ile kweli ina mkono, akapokea bakuli tupu, na mdomo wake akaufunga kama anavyofunga mwisho wa kila mshono, mbele, nyuma, na mbele tena, ili usije ukafumuka.