Bonifasi Ananishangilia

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nafasi ya kwenda Moshi kusomea tiba ya viungo ni moja tu. Wasaidizi wa mazoezi hapa kituoni Ujiji tuko wawili: mimi, Oswald wa Morogoro, na Clementina wa Simbo. Ijumaa wageni wanakuja kutukagua, kisha Bi. Asnath, mkuu wetu, atachagua. Nikiikosa, nitazeekea Kigoma nikinyoosha magoti na kula migebuka, samaki wa ziwani!

Mpango: Bonifasi. Kijana wa Kirundi, ana mtindio wa ubongo, alivuka ziwa na mama yake kukimbia vita. Ana neno moja tu. Kila nikimvalisha viatu vyake vya vyuma hupaza sauti: "Oya!" Nami namjibu: oya, kaka! Ananipenda mno. Ijumaa atatembea mbele ya wageni.

Jumanne, 4 Machi

Hovyo. Nimemsimamisha kati ya vyuma vya kushikilia. "Oya! Oya!" Shangwe tupu. Lakini kutembea, wapi! Akakaa chini kama gunia la muhogo. Nikakaza mikanda ya viatu.

Clementina akaniuliza kama ninasikia anachosema Bonifasi. Nikamwambia mimi si kiziwi, na kama ana wivu aseme. Akaguna, akaenda kucheza mpira na wagonjwa wake. Mpira! Huyo naye anataka Moshi.

Alhamisi, 6 Machi

Clementina yuko Ilagala kutembelea wagonjwa. Raha! Amekuja Mama Eufrasia, mama yake Bonifasi. Nikampa shikamoo. Akaongea Kirundi kwa kasi, akionyesha miguu ya mwanawe, machozi yakimlengalenga. Nikamwambia asijali, hakuna haja ya kunishukuru. Akaondoka akitikisa kichwa. Wazazi wana furaha za ajabu.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki hata kuandika. Wageni wameketi, nikanyoosha mkono juu: Bonifasi oyee! Naye: "Oya!" Nikarudia. "Oyaaa!" Wakapiga makofi, isipokuwa mgeni mmoja, Mzee Selestini wa Kasulu. Aliomba kujua kwa nini namlazimisha mtu anayekataa. Oya, akasema, kwa Kirundi ni hapana.

Hapana! Miezi yote hii!

Bi. Asnath akamvua viatu. Malengelenge visigino vyote viwili. Niliona aibu, kwa kweli niliona aibu. Clementina akamkalisha kitini, akamuuliza kama anataka mpira. "Ego!" Kumbe ana maneno mawili. Ego ni ndiyo. Kwangu hajawahi kulitumia. Akaupiga teke kwa mguu mtupu, ukamgonga mgeni tumboni, Bonifasi akacheka mpaka akakohoa. Wageni wakasimama kumpigia makofi.

Moshi anakwenda Clementina.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la lugha, si langu. Bi. Asnath ameamuru nisimguse Bonifasi mpaka aseme ego kwa kinywa chake. Haya, amri ni amri.

Nikamuuliza kama anataka mazoezi. Oya. Anataka kusimama? Oya. Huyu kijana anataka kuniharibia kazi! Kisha nikapata akili. Nikainama, nikamuuliza taratibu: unataka niondoke?

"EGO!"

Ukumbi mzima umesikia. Amekubali. Nimeshamtandikia mkeka wa mazoezi.