Mteremko wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 4 Machi
Nyoka kaingia jikoni. Mwembamba, urefu wa mkanda wa suruali, ila mke wangu hakungoja kumpima. Kahamia kwa dada yake. Mlangoni kanikumbusha kwamba nyasi za mteremko wa nyuma zimefika dirishani, na mimi kila siku ni kesho, kesho. Atarudi zikishafyekwa. Nikamjibu aende salama. Jeuri tu! Nimekunywa chai peke yangu, haina ladha.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kapita, mdogo wa mke wangu. Kazi yake ni kufyeka kingo za barabara, basi anajiona profesa. Kanipa somo zima. Kwamba nisifyeke kukiwa na umande, nitateleza. Nivae mabuti, si ndala. Niende kwa kukingama, upande hadi upande, nisipande na kushuka. Na kwamba mteremko mkali vile ni wa fyekeo, mashine isiguse. Akajitolea kuja kunisaidia. Nimekataa. Mke wangu aje aseme karudishwa na mdogo wake? Thubutu!

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali. Jirani yetu wa bondeni, mwalimu mstaafu, nyasi zake zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Nimepiga picha upande wake, nikamtumia mke wangu: kazi imekwisha, njoo. Kajibu kabla sijaiweka simu mezani. Anauliza tangu lini tunaanika soksi za mwalimu. Sikuiona ile kamba ya nguo. Kichwa cha panzi mimi! Sasa haamini picha tena. Kazi ikiisha, mwalimu ndiye atakayekagua na kumpigia simu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeazima mashine ya kukata nyasi kwa mtunza uwanja wa shule. Mimi ni fundi saa, nashughulika na vigurudumu visivyoonekana bila lenzi. Magurudumu manne yatanishinda? Mpango: mashine inashuka yenyewe huku inakata, mimi nimekaa juu, naiachia kamba polepole, kisha naivuta. Ncha ya kamba nimejifunga kiunoni, mikono ipumzike. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande kidogo. Ndala.

Mashine imeshuka. Nami nimeshuka, kwa makalio. Nyasi zinalala nikipita, zinainuka nikishapita. Mama yangu! Bahati yangu majani yaliisonga ikazimika, tukaishia kwenye tuta la mchicha la mwalimu, mashine mbele, mimi nyuma. Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Nimeogopa kweli. Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi.

Mwalimu katoka na kikombe chake, kautazama mchicha, kisha mimi. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hainihusu. Kwanza, shemeji ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Pili, mguu umeteguka tu.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja bila kuitwa. Mwalimu kamwambia, mdomo haumkai! Kangoja hadi saa nne, umande ukauke, akavaa mabuti, akaanza kufyeka kwa kukingama. Mimi nimekaa kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo, namwelekeza. Hajafuata hata neno moja. Saa tisa kamaliza. Imeniuma. Lakini nyumba hii bila mke wangu haikaliki, basi nimemeza.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu karudi! Nimetokwa na machozi, nikasingizia mguu. Naye kalia kidogo. Kasema aliposikia habari ya mashine alidhani amekuwa mjane. Kaniapisha nisiiguse tena. Nimeapa kwa moyo mweupe, mashine sigusi.

Baada ya chakula nimeinua macho. Nyasi zimeota kwenye mfereji wa maji wa paa! Hizo si za mashine, ni za mkono. Nimemweleza mke wangu mpango: nipande mimi, kamba kiunoni, na ncha ya pili ajifunge yeye huku chini. Hakubisha hata kidogo. Kainuka taratibu, kauliza begi lake la safari nimeliweka wapi.

Mwanamke mwerevu huyu. Kaona mapema kwamba mkanda wa begi ni imara kuliko kamba.