Hita ya Kipaza

Dada yake Kipaza alisema ikifika Ijumaa anataka sebule yake, kochi lake na amani yake. Hakufoka. Angefoka Kipaza angemtuliza, maana anayefoka bado anajadiliana. Alisema huku anakunja nguo, kisha akaenda zake kazini. Kwa hiyo siku hiyo Kipaza, ambaye kwa ulimi wake aliwahi kumuuzia kinyozi kipara mafuta ya nywele, hakuingia mjini kutafuta hela. Alitafuta paa.

Alilipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikoingia kukwepa jua. Mama mmoja mnene, kavaa ovaroli na gambuti, alikuwa amembana muuzaji kwenye kona. Mama huyo alikodisha trela za kulala, zile nyumba ndogo za magurudumu zenye kitanda, jiko na bafu la kuingia ubavu, na wateja wake walikuwa wamechoka kuoga maji baridi. Muuzaji akamweleza habari za hita. Yenye tangi ni nzito na inakula nafasi. Isiyo na tangi inachemsha maji yanapopita, lakini ya gesi lazima iwe na bomba la kutolea moshi nje, usipoliweka unaamka maiti. Na ya umeme, jenereta ndogo haiiwezi. Mama akashukuru, akatoka na uso wa mtu aliyepewa hesabu ngumu.

Kipaza akatoka nyuma yake. Akamwambia hao wa madukani wanauza mizigo tu, yeye anayo hita isiyo na tangi, haili gesi, haijui waya, inajichemshia kwa nguvu ya maji yenyewe. Mama akamsikiliza kinywa wazi, na Kipaza alipenda vinywa vilivyo wazi kama daktari wa meno. Mama akasema hela hana, ila mwisho wa uwanja wake ipo trela ya zamani, ikiwezekana wabadilishane. Moyo wa Kipaza ukaruka kichura. Usoni akaweka huzuni ya mzazi anayeombwa mtoto.

Asubuhi iliyofuata alifika na boksi la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye taa nyekundu ya kutumia betri za tochi. Akalifunga kwenye bafu la trela moja ya mama. Juu ya paa akazungusha mpira mweusi mrefu wa maji, akasema huo ni wa kupoza mashine isije ikapasuka. Ukweli ni kwamba maji yalitoka kwenye pipa, yakazunguka ndani ya mpira ule juani, yakapita kwenye boksi tupu kama mgeni anayepita ukumbini, yakatokea bafuni. Saa sita mchana mama akafungua bomba, akauondoa mkono haraka.

"Ya moto," akasema.

"Si nilikwambia, mama."

"Nifungue boksi nione ndani?"

"Ukifungua tu, dhamana imekufa."

"Haya. Na wewe ukiinama kuchungulia chini ya trela yako, dhamana imekufa."

Wakacheka wote wawili. Kipaza ndiye aliyecheka zaidi.

Kazi yake ina kanuni moja: mteja ukimpa nafasi ya kuangalia, umempoteza. Kanuni nzuri, imemlisha miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba Kipaza alizoea mno kuharakisha watu, siku hiyo akajiharakisha mwenyewe. Aliingia kwenye trela, akabonyeza godoro, akashika pazia, akamuona akilini dada yake anavyoshangaa. Akamwita rafiki yake mwenye pikapu. Rafiki akafunga mnyororo, akavuta.

Magurudumu yakaja. Fremu ya chuma inayoyashika nayo ikaja, kwa kelele za vyuma, mpaka nje ya lango. Nyumba ikabaki pale pale imekalia matofali, hata pazia halikutikisika.

Rafiki alisimama kwenye kona, akageuka, akacheka mpaka akaulalia usukani. Kisha akafungua mnyororo, akaondoka. Sheria ya wajanja inajulikana: ukiliwa, nyamaza, potea. Kipaza alisimama kando ya magurudumu yake akijaribu kupotea. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Akarudi.

Alimkuta mama ameketi juu ya ndoo, boksi limefunguliwa mapajani, anaichezea ile taa nyekundu.

"Umeniibia," Kipaza akasema.

"Sana tu. Hili boksi takataka, mwanangu. Lakini ule mpira wa juu ndio hita. Maduka yote haya hakuna aliyeniambia."

"Usiku maji yatapoa." Neno la kweli lilimponyoka kabla hajalikamata.

"Wateja wangu wanaoga jioni."

Kipaza akauliza, "Ulijuaje kwamba nitarudi?"

"Sikujua. Trela hiyo nimeshabadilishana na wajanja wengi. Wakifika pale kwenye kona aibu inawashika, wanakwenda kwao, mimi nabaki na vitu vyao. Wewe umerudi. Anayerudi hana kwao."

Kipaza akainua macho kuangalia ule mpira juu ya paa.

"Nataka mpira kwenye kila paa," mama akasema. "Ukifanya kazi, utalala humo kwenye matofali, na mlango una kufuli. Lakini kwanza kanisukumie magurudumu yangu yarudi chini ya trela. Kuna mjanja mwingine anakuja Jumatatu."