Ombi la Kumhamisha Mkwe Wangu, Muuza Raba

Mtaa wa Pioneer,
Eldoret.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wauza Viatu vya Mtumba.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini mvua haijaingia kwenye marobota yenu. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimezoea kuandika nikiwa nimekasirika, kwa hivyo tafadhali nivumilie.

Daktari amesema nina presha, na nisipoanza kukimbia polepole kila asubuhi nitameza dawa maisha yangu yote. Mama yangu aliondoka na ugonjwa huu huu akiwa na umri wangu. Mimi sitaki kuondoka, Mwenyekiti. Nataka raba tu, na katika mji huu wa wakimbiaji nimezikosa. Sababu ni hizi:

1. Wanachama wako hawaamini kwamba Eldoret kuna mtu asiyejua kukimbia. Wa kwanza, kijana anayeitwa Kigen, hakuniuliza nambari ya mguu. Aliniuliza niko kambi gani ya mazoezi, na kilomita kumi nazimaliza kwa dakika ngapi. Nilipomwambia kwamba hata kilomita moja sijawahi kuimaliza bila kukaa chini, alidhani namficha siri za mazoezi.

2. Kigen huyo aliniuzia raba nyembamba kama chapati ya hoteli, akiapa kwamba zimewahi kushinda mbio Ulaya. Sikatai, lakini zilishinda zikiwa na mwenyewe. Mimi zilinifikisha kwenye kona, kucha zikawa nyeusi, nikarudi nyumbani kwa boda boda. Nilipozirudisha aliniambia kosa ni la miguu.

3. Nilipotaka zile zenye soli nene na laini, wauzaji walinikataza kwa huruma. "Mathe, hizo ni za wageni wanaokuja huku kufanya mazoezi na kuchoka." Mimi pia nachoka! Au ni lazima niwe na pasipoti ndipo nichoke?

4. Hapa ndipo penye kidonda. Kila niliyemlilia alinielekeza kwenye kibanda kimoja tu, cha mtu anayejua viatu vya anayeanza. Huyo hamwulizi mtu kasi yake. Anakwambia uje jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uje na soksi utakazovaa. Kisha anapiga magoti, anaushika mguu wako, anabonyeza mbele kuona kama vidole vina nafasi, halafu anakutuma ukimbie hadi kwa muuza mahindi na kurudi kabla hujalipa. Sifa zake zimefika hadi soko la Ziwa, nje ya mji. Jina lake, ambalo hakuna aliyeniambia mapema, ni Kiprotich, na ndiye aliyemwoa binti yangu Bridgit.

Mwenyekiti, mimi ni Mbukusu. Kwetu mama mkwe hampi mkwewe mkono, sembuse mguu! Siku niliyofika kibandani alikuwa ameinama akipanga mali. Alipogeuka na kuniona nimeshika kiatu kimoja, tulitimua mbio wote wawili, kila mtu upande wake. Watu wa soko wanasema nilikimbia vizuri sana.

5. Bridgit alinishauri nichore mguu wangu kwenye kadibodi, naye ampelekee. Jibu likarudi kwamba kadibodi haina uzito, na kwamba muuzaji anahitaji kuona ninavyokanyaga. Yaani mkwe wangu anitazame nikitembea!

Kwa hivyo naomba Kiprotich ahamishiwe Kitale, akishamfundisha mwingine kazi yake. Kama hahamishiki, naomba ndoa yao isimamishwe kwa alasiri moja, niingie kibandani kama mteja wa kawaida, kisha warudiane kabla ya chakula cha jioni. Nimemwuliza katekista wetu, bado anawaza. Pia uwaombe wanariadha wa Pioneer waache kunipita asubuhi wakipiga gumzo. Kupitwa nakubali, lakini angalau wanipite wakihema.

Wasalimie wanachama wote, na mama wa mahindi, na hata Kigen. Mwambie kucha moja imeanza kuota tena.

Wako anayetafuta pumzi,
Mwl. Maximilla Nabalayo

Nyongeza: Tafadhali usimhamishe mtu. Kabla sijaituma barua hii, Bridgit alitundika leso yake ya kujifunga kiunoni katikati ya kibanda. Mumewe akawa anauliza kutoka upande wake, binti yangu akibonyeza upande wangu. Ilipofika zamu ya kutembea, leso iliinuliwa hadi magotini, naye akaona miguu bila mwenyewe. Raba zimenitosha, na ni zile nene. Leo asubuhi nimeipita kona bila kukaa, wanariadha wakanipigia makofi, nikalia kwa furaha kama mtoto. Mpe Kiprotich kibanda kikubwa zaidi, maana akina mama wote wa jumuiya yetu wanakuja. Na umfikishie asante yangu kwa mdomo wako. Mimi siwezi kumwambia uso kwa uso, na nimeshindwa kukaa nayo moyoni.