Kitabu Changu cha Mifereji ya Kibosho

Jumatatu, 2 Juni 1997
Jarida la chuo kikuu limefika shuleni. Ukurasa wa mwisho: vitabu vipya vya wahitimu wetu. Na jina la Remigius! Yule yule aliyenakili notisi zangu za historia miaka mitatu. Kaandika kuhusu magonjwa ya kahawa. Kurasa mia na themanini. Sikula mchana.

Jumanne, 3 Juni
Chini ya orodha kuna fomu. Inauliza jina la kitabu na idadi ya kurasa. Haiulizi kama kitabu kipo. Nimejaza: Mifereji ya Kibosho na Wachimbaji Wake. Kurasa mia mbili na kumi. Nimeiposti mjini Moshi.

Jumapili, 8 Juni
Juzi nilimnong'oneza katekista, nikamsihi asimwambie mtu. Namjua. Leo padri kanitangaza kanisani. Makofi! Mke wangu, Mektrida, hakupiga. Njiani akaniuliza hicho kitabu nimekiandika saa ngapi, maana jioni zote niko kwenye pombe ya mbege.

Jumatano, 11 Juni
Mzee Primus kateremka kwa miguu kutoka juu kabisa, karibu na msitu. Ana miaka themanini na tatu. Nikamwamkia, akaketi. Baba yake aliangukiwa na jiwe wakichimba mfereji tunaonyweshea migomba. Akauliza kama baba huyo yumo kitabuni. Nikasema yumo, ukurasa wa tisini na sita. Akavua kofia.
"Sijawahi kusikia jina lake likisomwa popote, mwalimu," alisema. "Nisomee."
Nikasema kitabu kiko mjini. Aje Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni
Kaja kabla ya chai, kavaa koti la Krismasi. Nikafungua daftari tupu, nikasoma. Kwamba baba yake alikuwa pande la mtu, alisukuma mwamba peke yake. Mzee akanikatiza. Hapana, alikuwa mfupi, na aliogopa kutazama chini. Kila asubuhi wenzake walimfunga kamba kiunoni, akashuka gengeni huku anatetemeka. Kila asubuhi! Alinisahihisha hadi adhuhuri. Mwisho akalia kimya kimya. Sikujua pa kutazama.
Alipoaga alisema kitabu ni kizuri, ila mwandishi ana makosa mengi.

Jumamosi, 14 Juni
Kumbe Mektrida alikuwa nyuma ya pazia, anaandika kila neno la mzee. Madaftari mawili! Nimeyasoma yote nimesimama. Ni mazuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, ingawa sikumwambia. Anasema kuna wazee wengine sita huko juu. Twende leo, kabla hawajatutoka, na kitabu kitakuwepo kweli.
Wazo zuri sana. Nimemwambia atangulie. Mimi nina miadi na fundi cherehani mjini. Suti ya uzinduzi. Nimechagua ya kijivu.